NYUMBA ZETU ZAVUJA, NASI NI MAFUNDI

Ndugu Wanachama,

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, saa za kazi na posho. Ni haki, maana chama ni cha hayo. Lakini leo sisi wa gengi moja la njia, tutokao Meru na Embu, twaomba nafasi ya kusema neno juu ya jambo lisiloandikwa katika mapatano yoyote na mwajiri. Jambo lenyewe ni hali ya nyumba zetu kule nyumbani. Neno letu ni fupi: mtu wa reli na atengeneze nyumba yake kwa mikono yake, tena mapema, kabla haijaanguka. Tusipofanya hivyo, mshahara tunaoupigania huku utakuwa ukiingia mlangoni na kutokea paani.

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili latuhusu sisi hasa. Reli haikufika Embu wala Meru. Njia ya kutoka Thika yapita Sagana, Karatina na Naro Moru, halafu yaishia Nanyuki. Mtu wa Embu huiacha njia pale Sagana, akapanda gari la kupitia Kutus. Mtu wa Meru huiacha Nanyuki, akauzunguka mlima kwa njia ya Timau. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu awezaye kuliona bati la nyumba yake akiwa kazini. Sisi twalala katika nyumba za kazi au katika vyumba vya kupanga, na nyumba zetu twaziona siku za likizo na siku za matanga. Mvua ikinyesha usiku kule Runyenjes au Nkubu, anayeamka kusogeza kitanda na kutega sufuria ni mke au mama. Sisi hatupo.

Twataka kuwapa habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, maana yu hai na ana heshima yake. Alifanya kazi ya njia miaka mingi, na hapana mtu katika gengi aliyemshinda kwa jicho. Akitembea njiani, bolti moja iliyolegea aliiona kutoka mbali. Huko kwao Embu alikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, yenye paa la bati. Likizo moja mkewe akamwambia, "Baba Njeru, bati la chumba cha nyuma limeinuka, misumari miwili imetoka." Akajibu kwamba amekuja kupumzika, atayaangalia likizo ijayo. Likizo ya pili mke akasema mti ulio juu ya ukuta umelowa. Likizo ya tatu akasema mchwa wamepanda. Likizo ya nne hakusema neno. Alipoulizwa mbona kimya, alijibu, "Wewe ni fundi wa reli, si fundi wa nyumba hii."

Mwenzetu alipostaafu alirudisha ufunguo wa nyumba ya kazi, akapakia kitanda na sanduku lake katika pikapu, akaenda nyumbani. Chumba cha nyuma hakikuwapo. Ukuta ulikuwa umelala shambani na bati zimekunjika juu yake. Fedha alizokuwa amekusudia kununulia ng'ombe wa maziwa zilikwenda kwa mbao, bati na ujira wa fundi. Misumari miwili, ndugu zangu! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twalisema neno hilo kila siku kama salamu, bila kulisikia.

Wako watakaosema, "Sisi tuna nyumba za kazi, ya nini kuhangaika?" Na wakumbuke. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, watu wengi walipunguzwa kazini. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, wakiwamo wastaafu wa reli, waliambiwa wahame na nyumba zikaanza kubomolewa. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Twashukuru kwa hukumu ile, lakini fundisho lake ni wazi. Nyumba ya kazi hukaa nawe maadamu kazi ipo. Nyumba itakayokupokea siku ya mwisho ni ile inayovuja kule nyumbani.

Sasa tuulize: je, sisi hatuna ujuzi? Tazameni kazi yetu. Kila asubuhi mtu wa njia hutembea na nyundo na spana. Hangojei treni ianguke ndipo aende kutazama. Hukaza bolti ingali imelegea kidogo, husukuma kokoto chini ya taruma lingali limebonyea kidogo, husafisha mfereji kabla ya mvua, maana anajua kwamba adui mkubwa wa njia ni maji yaliyosimama. Hiyo ndiyo elimu yote ya kutunza nyumba! Adui wa nyumba ni yule yule, maji, na dawa ni ile ile, kukagua mapema. Tofauti ni moja tu: kazini yuko mnyapara wa kutuuliza, na nyumbani hakuna. Mke akiuliza, twasema tumekuja kupumzika.

Basi shauri letu ni hili. Kila mtu akienda likizo, siku ya pili baada ya kufika aizunguke nyumba yake kama azungukavyo sehemu yake ya njia, aitazame kuanzia paani mpaka msingi, na mwenye nyumba wa kweli, yaani yule aishiye ndani, atembee naye akimwonyesha. Yeye ndiye ajuaye mahali pa kutega sufuria. Na ikiwezekana likizo iombwe kabla ya mvua. Kwetu mvua ndefu huanza Machi na nyingine huja Oktoba. Kwa hiyo Februari na Septemba ndiyo miezi ya nyundo.

Tueleze kwa ufupi mambo tuliyoyajaribu sisi wenyewe, pamoja na makosa yetu.

PAA. Bati nyingi za kwetu ni za zamani. Wenyeji wa Embu na Meru walianza kupanda kahawa miaka ya 1930, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi ziliezekwa kwa fedha za kahawa. Bati mchana hupanuka kwa jua na usiku hujikunja kwa baridi, na kule mlimani baridi ni kali. Hivyo msumari huvutwa kidogo kidogo mpaka ukatoka. Dawa yake ni msumari wa bati mnene na mrefu kuliko ule wa kwanza, wenye kofia na pete ya mpira. Upigwe juu ya mgongo wa bati, usipigwe bondeni maji yanamopita. Ukiupiga mno, pete hupasuka, ukiuacha, upepo utaingia. Tundu dogo la kutu lisuguliwe kwa brashi ya waya, likauke kabisa, lipakwe lami, libandikwe kitambaa kigumu, kisha lami tena juu yake. Bati jipya likiwekwa, lilalie lenzake migongo miwili, na lile la juu ya mteremko lilalie la chini, ili maji yasipate njia ya kurudi nyuma.

Hapa twakiri kosa letu. Mwaka mmoja watatu kati yetu tulikwenda kumsaidia mama wa mwenzetu karibu na Nkubu. Tulipanda paani kwa majivuno ya watu wa reli, tukapiga misumari bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko bati linakogusa mti na msumari huingia kwa urahisi. Tukashuka, tukala. Jioni mvua ikaja. Mama akatutazama, akasema kwa upole, "Wanangu, nilikuwa na tundu moja, sasa nina matatu." Kesho yake tulirudi juu na lami. Tangu siku ile hatukumcheka tena kijana anayejifunza kazi.

KUTA. Nyumba ya udongo si ya kudharauliwa. Ikiwa paa lake latoka nje vya kutosha na msingi wake ni mkavu, hukaa miaka mingi. Lakini udongo mwekundu wa kwetu ukitumiwa mtupu hupasuka ukikauka. Uchanganyeni na mchanga na majani makavu yaliyokatwa mafupi, uukande vizuri, uulaze usiku kucha. Ufa upanuliwe kwanza, unyunyizwe maji, ndipo ushindiliwe. Siku ya pili au ya tatu, ukiisha kukauka, pigeni mkono wa pili mwembamba. Mtu asiseme kwamba kazi ya udongo ni ya wanawake. Zamani wanaume walishika miti na wanawake wakashika udongo, lakini wanaume hao walikuwapo nyumbani. Mwanamume akaaye mbali miezi kumi na mmoja hana haki ya kuchagua kazi katika ule mwezi mmoja.

MCHWA. Hawa ni wezi wasiovunja mlango. Tazameni vijia vyembamba vya udongo vipandavyo ukutani na katika nguzo. Mkiviona, vibomoeni, kisha mtafute vinakotoka. Kuni zisirundikwe ukutani, wala udongo wa shamba usilundikane juu ya mbao. Nguzo ya mtarakwa hushindana na mchwa muda mrefu. Ya mgrevilea isiyotiwa dawa huliwa upesi. Nguzo iliyooza chini haina haja ya kutupwa yote. Tegemezeni paa kwanza kwa mti mwingine imara, mkate sehemu iliyooza, mweke chini yake jiwe au zege, mrudishe uzito polepole. Sisi tumekwisha kuinua reli kwa jeki maisha yetu yote. Je, tutashindwa na pembe ya nyumba?

SAKAFU NA MIFEREJI. Shimo katika sakafu ya saruji likichongwa mpaka kwenye saruji ngumu, likaoshwa vumbi na kuloweshwa, litashika. Kipimo ni saruji moja kwa mchanga tatu, na mtu asikoroge nyingi kuliko atakayoimaliza kabla haijaanza kukaza. Halafu ifunikwe kwa gunia, inyweshwe maji siku saba. Wengi huacha hapa. Huona imekauka siku ya pili, wakadhani imekomaa, na mwezi wa pili inachimbika kwa kisigino. Kwa mfereji hatuna la kuwafundisha watu wa njia, ila kwamba nyumba nyingi za kwetu zimejengwa mitelemkoni. Mfereji mmoja upande wa juu, wa kina cha jembe moja, unaopeleka maji migombani, waokoa ukuta na kuinywesha migomba pia.

MLANGO. Bawaba iliyolegea hung'oa skrubu, mlango hukwaruza chini, mtoto huusukuma kwa nguvu, na mwisho fremu hupasuka. Toeni skrubu, mjaze tundu kwa kijiti kilichochongwa na kupakwa gundi, mpige skrubu upya. Ni kazi ya nusu saa. Mlango usiofunga ni jambo zito kwa mwanamke alalaye peke yake na watoto. Kama hamna nafasi ya lolote jingine, fanyeni hili.

Sasa tujibu mapingamizi matatu, maana tumeyasikia katika mabweni.

La kwanza: "Mnawanyang'anya mafundi chakula chao." Hapana. Fundi naye ni mfanyakazi, na sisi wanachama hatuwezi kumpunja mfanyakazi. Kazi kubwa ni yake, naye alipwe kwa ukamilifu siku ile ile. Lakini fundi mwema haji kutoka sokoni kwa ajili ya msumari mmoja, na fundi mbaya huja kwa msumari mmoja akataka kung'oa paa zima. Mtu aliyepata kuishika kazi kwa mkono wake hadanganyiki, wala hamlaumu fundi bure.

La pili: "Likizo ni ya kupumzika." Ni kweli, na chama kiliipigania. Lakini sisi hatusemi mwezi mzima. Twasema siku tatu au nne. Na tuseme kweli: wengi wetu zile siku nyingine hatupumziki nyumbani, twapumzika sokoni kwa kinywaji.

La tatu husemwa kwa sauti ndogo: "Stoo ya kazini ina misumari na rangi, nani atajua?" Ndugu, hapa twasimama imara. Msumari wa kazini usiingie paani pako. Mtu hufukuzwa kazi kwa kopo la rangi, na chama kikashindwa kumtetea. Tena sisi tunaolalamika wezi wanapong'oa vyuma vya njia, tutasema nini? Nusu kilo ya misumari hununuliwa dukani kwa fedha za nauli ya siku moja.

Pia iko mipaka ambayo mtu mwenye akili haivuki. Wa kwanza ni umeme. Tangu mpango wa kupeleka umeme mashambani ulioanza mwaka 2015, nyumba nyingi za kwetu zimepata taa, nasi twafurahi. Lakini waya si kamba ya kuanika nguo. Kazi ya waya ni ya fundi mwenye leseni, na kuomba kuiona leseni yake si matusi. Wa pili ni paa refu. Ngazi ishikwe na mtu chini, na juu mtu akanyage ubao uliolazwa juu ya miti, asikanyage katikati ya bati lenye kutu. Wa tatu ni zile bati za kijivu za asbesto zilizo katika majengo ya zamani. Msizikate, msizikwangue, msizitoboe, maana vumbi lake huingia mapafuni na kuua baada ya miaka mingi. Kadhalika ukuta unaobeba paa usitobolewe dirisha kwa kukisia. Hapo mwiteni anayejua.

Tulipokuwa katika shule ya msingi ya misheni tulikuwa na somo la sanaa na ufundi. Tulichonga vipini, tukasuka vikapu, na mwalimu alikagua kazi kwa kuivuta: ikiachia, urudie. Wengine tulilidharau somo lile kwa kuwa tulitaka kuwa makarani. Leo twajuta. Kwa hiyo mtu akitengeneza nyumba yake, awaite watoto wake wamshikie misumari, wa kiume na wa kike. Binti ajuaye kukaza bawaba hatamngojea mtu wa reli likizo nne.

Mwisho twaleta pendekezo katika mkutano wa tawi. Wengi wetu hatutengenezi nyumba kwa sababu hatuna vyombo. Msumeno, nyundo, timazi, pimamaji, mwiko, jeki ndogo, brashi ya waya na kamba, mtu mmoja hawezi kuvinunua vyote kwa mshahara wa mwezi. Lakini tawi laweza. Twapendekeza kila mwanachama atoe kiasi kidogo kwa miezi mitatu, linunuliwe sanduku moja la vyombo, liwe na kufuli na kitabu. Mwenye kwenda likizo atie sahihi, achukue, arudishe vikiwa safi, na akivunja alipe. Ngazi hatuiweki humo kwa kuwa haiingii garini, lakini hapana kijiji kwetu kisicho na mwenye ngazi.

Na wawili au watatu watokao upande mmoja wakipata likizo pamoja, wasaidiane kwa zamu: leo kwako Chuka, kesho kwangu Runyenjes. Kama gengi laweza kubadili reli kabla ya treni ya jioni, laweza kutengeneza paa moja kabla ya mvua ya jioni.

Yule mwenzetu tuliyeanza na habari zake amejenga chumba chake tena. Tulipita kumsalimu. Tulimkuta juu ya ngazi, na mkewe ameishika chini. Alikuwa akigonga msumari uliokuwa umeinuka upana wa ukucha tu. Tulimwambia, "Mzee, huo ungengoja." Mkewe ndiye aliyejibu. Alisema, "Hapa hatungoji tena."

Mwenye maoni mengine na aandike kwa mhariri, au aje aseme mkutanoni.

Wenu katika kazi,
Watu wa Njia, Meru na Embu